Nyoka Mchanga na Mkono wa Binadamu: Nguvu na Mipaka ya Mazoea

Kila kiumbe kinachozaliwa bila mzazi wa kukilinda hakina budi kujilinda chenyewe tangu saa ya kwanza ya uhai wake. Ndivyo walivyo nyoka walio wengi. Jike hutaga mayai mahali penye joto na unyevu, pengine chini ya majani yanayooza au ndani ya gogo bovu, kisha huenda zake asirudi tena. Watoto wanapoanguliwa huwa wembamba kama kalamu, na karibu kila mwenye mdomo au makucha aweza kuwala: ndege, nguchiro, paka, kuku, na hata nyoka wenzao. Kwa sababu hiyo si ajabu kumwona nyoka mchanga asiye na sumu, ambaye meno yake hutoboa ngozi ya kiganja kwa shida, akijikunja, akiinua kichwa na kurusha pigo kuelekea kila kinachomsogelea. Kwake yeye, mkono wa mtu anayemletea chakula hauna tofauti na ukucha wa mwewe.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini watu wengi hufuga nyoka wasio na sumu majumbani, na vyuo na majumba ya makumbusho huwafuga kwa ajili ya mafunzo. Wafugaji hao wamejua kwa muda mrefu kwamba nyoka mchanga aliye mkali, akishikwa mara kwa mara kwa utaratibu maalumu, aghalabu hutulia baada ya majuma kadhaa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna maswali makubwa ya elimuviumbe. Ni kitu gani hasa kinachobadilika katika mnyama huyo? Je, amempenda mfugaji wake? Ameacha silika yake? Na mabadiliko hayo yanakomea wapi? Swali hili la mwisho si la kujifurahisha tu, kwa maana yuko mtaalamu mashuhuri aliyekufa kwa kuumwa na nyoka aliyekuwa akimfuga mwenyewe.

NYOKA WA MAHINDI

Mfano ulio bora kwa somo hili ni nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), ambaye asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani. Hana sumu. Huua panya kwa kuwazinga na kuwabana kwa mwili wake. Anapoanguliwa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, na akikomaa hufikia mita 1 hadi 1.5. Wako wasemao kwamba alipewa jina hilo kwa kuwa huonekana katika maghala ya mahindi, anakofuata panya. Wengine husema ni kwa sababu ya madoa meusi na meupe ya tumboni mwake, ambayo hufanana na punje za mahindi ya rangi mbalimbali. Kwa kuwa amezalishwa katika vizimba kwa vizazi vingi, wanaofugwa leo kwa kawaida hawakutoka porini.

Afrika ya Mashariki haina nyoka huyu, lakini inaye nyoka mwenye tabia zinazokaribiana na zake, yaani nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, wa jenasi Boaedon. Naye pia hana sumu, naye pia huwabana panya na mijusi, na mara nyingi huingia majumbani usiku akiwafuata. Aghalabu huuawa mara tu aonekanapo, ijapokuwa kwa kweli humsaidia mwenye nyumba.

SILAHA ZA MNYONGE

Nyoka wa mahindi mchanga akitishwa hafanyi jambo moja tu. Kwanza hukaa kimya au hukimbia. Akiwa hana njia ya kukimbilia, hutikisa ncha ya mkia wake kwa kasi, na mkia huo ukigusa majani makavu hutoa sauti ya kutisha. Kisha hurudisha shingo nyuma kwa mikunjo mfano wa herufi S, hupanua kichwa chake, na hatimaye hurusha pigo. Mapigo mengine hupigwa mdomo ukiwa umefumbwa. Akishikwa, huweza kumwaga majimaji yenye harufu mbaya kutoka katika tezi zilizo karibu na tundu la kinyesi.

Vitendo hivi vyote vina lengo moja, nalo ni kumfanya adui aondoke. Haifai basi kusema kwamba nyoka huyo ana hasira au ana roho mbaya. Yafaa pia kutofautisha pigo la kujilinda na pigo la kujipatia chakula. Katika kujilinda, nyoka hugonga na kurudi nyuma mara moja. Katika kuwinda, huuma, hung'ang'ania, na huzungusha mwili wake ili abane. Pigo hili la pili huchochewa sana na harufu. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, Gordon Burghardt, alionyesha kwamba nyoka wachanga ambao hawajawahi kula kitu chochote hutoa ulimi kwa haraka, na hata kushambulia, wanaposogezewa pamba yenye maji yaliyotolewa katika ngozi ya windo lao la asili. Mfugaji ambaye mikono yake inanuka panya hawezi kumlaumu nyoka akidhani kwamba kidole ni chakula.

JINSI NYOKA ANAVYOUTAMBUA MKONO

Nyoka hana masikio ya nje, lakini si kiziwi. Sikio lake la ndani limeungana na mifupa ya taya, na kwa njia hiyo hutambua mitikisiko ya ardhi, na pia ya hewa. Majaribio yaliyofanywa Denmark na kutangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba chatu huitambua sauti nzito ya hewani kwa sababu sauti hiyo hutikisa fuvu la kichwa chake. Ulimi wenye pacha huchukua chembechembe za harufu na kuzipeleka katika kiungo cha Jacobson, kilicho juu ya kaakaa la kinywa. Macho huona zaidi vitu vinavyosogea.

Kutokana na maelezo haya twaweza kueleza kwa nini mkono unaoshuka ghafla kutoka juu humtisha nyoka kuliko mkono unaoingia polepole kutoka ubavuni: ule wa kwanza una umbo na mwendo wa ndege anayewinda. Vilevile, nyoka anapokaribia kujivua gamba, majimaji hujaa kati ya gamba la zamani na jipya, nayo macho hufunikwa na utando wa rangi ya maziwa. Katika siku hizo haoni vizuri, na kwa hiyo hushtuka upesi kuliko kawaida.

MAZOEA NI NINI?

Wataalamu wa tabia za viumbe hulitumia neno mazoea kwa maana maalumu. Ni kupungua kwa mwitiko wa kiumbe kwa sababu kichocheo kile kile kimerudiwa mara nyingi bila kuleta dhara wala faida. Mtu anayehamia karibu na njia ya reli huamshwa na treni katika siku za mwanzo, lakini baada ya mwezi hulala fofofo. Masikio yake ni yale yale. Kilichobadilika ni jinsi ubongo unavyoupokea ujumbe wa masikio hayo.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa makini walikuwamo George na Elizabeth Peckham, mume na mke waliokuwa wakiishi Milwaukee, Marekani. George alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Katika taarifa yao ya mwaka 1887 walieleza jinsi walivyosogeza karibu na buibui chuma cha pacha mbili kitoacho mlio wa aina moja kinapogongwa. Mara ya kwanza buibui alijiangusha kutoka katika utando wake kama afanyavyo akihofia adui. Jaribio lilipoendelea kurudiwa, alizidi kupunguza kuanguka, na mwishoni hakujali tena.

Kilichotokea ndani ya mishipa ya fahamu kilijulikana miaka mingi baadaye. Eric Kandel na wenzake wa Marekani walimtumia Aplysia, konokono wa baharini asiye na kombe la nje, ambaye seli zake za neva ni chache na kubwa. Mnyama huyo akiguswa kwenye mrija wake wa kupitishia maji, huyavuta matamvua yake ndani. Akiguswa mara 10 mfululizo, mwitiko huo hudhoofika, lakini hurudi baada ya muda. Mwaka 1972 watafiti hao walionyesha kwamba akiguswa mara 10 kila siku kwa siku 4, mazoea hudumu kwa majuma 3 au zaidi. Walibaini pia kwamba seli ya neva inayopokea mguso huanza kutoa kemikali kidogo zaidi ya kupelekea ujumbe kwenye seli inayoendesha msuli. Kandel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi zake kuhusu misingi ya kumbukumbu.

Kutokana na uchunguzi wa namna hii twajifunza mambo matatu yanayomhusu nyoka wetu. Kwanza, vipindi vifupi vinavyotenganishwa na siku hujenga mazoea ya kudumu kuliko kipindi kimoja kirefu. Pili, mazoea hulenga kichocheo maalumu: nyoka aliyezoea glavu nene hajauzoea mkono mtupu, kwa sababu harufu, joto na mguso wake ni tofauti. Tatu, mazoea yakiachwa kwa muda mrefu hufifia, na hofu ya awali huweza kurudi.

KINYUME CHA MAZOEA

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii yaeleza kwa ufasaha jambo ambalo ni kinyume cha mazoea. Kichocheo kikali chenye maumivu hakimzoeshi kiumbe, bali humfanya ashtuke upesi zaidi, hata kwa vitu visivyo na madhara. Aplysia aliyepigwa umeme mkiani huvuta matamvua yake kwa nguvu kuliko zamani hata akiguswa taratibu.

Hali ya nyoka mchanga haina tofauti. Mfugaji anayemkamata kwa kumbana shingo, anayemfukuza huku na huku ndani ya kizimba, au anayemshika kwa saa nzima katika siku ya kwanza, anadhani anamzoeza, kumbe anamwongezea hofu. Iwapo nyoka huyo hatimaye atalala mkononi bila kujitikisa, huenda ikawa ni uchovu tu. Nyoka aliyezoea kweli husogea taratibu, hutoa ulimi wake mara kwa mara, na mwili wake hushika vidole bila kukakamaa.

FUNZO LITOLEWALO BILA KUJUA

Liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi huliona kwa kuchelewa. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Marekani alieleza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya masanduku. Tendo lililomfungulia paka mlango lilirudiwa kwa haraka zaidi kila mara, nayo matendo yasiyo na faida yaliachwa. Kwa ufupi, tendo lenye matokeo mema kwa mtendaji hurudiwa.

Sasa tufikirie nyoka mchanga anayepiga mkono. Mfugaji hushtuka, huurudisha mkono wake na kufunga kizimba. Kwa upande wa nyoka, matokeo ni mema kabisa: adui ameondoka. Kesho yake atapiga tena, na mapema zaidi. Hivyo mfugaji mwenyewe ndiye aliyemfundisha ukali bila kukusudia. Tiba yake si kumwadhibu nyoka, kwani adhabu huzidisha hofu. Tiba ni kuuacha mkono utulie pale pale mpaka nyoka anyamaze, kisha ndipo aachwe. Kwa njia hii linalopata faida ni tendo la kutulia.

UTARATIBU UNAOFUATWA

Wafugaji wenye uzoefu hufuata hatua zinazolingana na kanuni zilizoelezwa hapo juu.

Hatua ya kwanza ni kumwacha nyoka mgeni atulie, kwa kawaida kwa juma 1 au 2, bila kumshika. Kizimba huwa na maji, sehemu mbili za kujificha, upande wa joto wa nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi na upande wa ubaridi wa nyuzi 22 hadi 24. Nyoka hawezi kujitengenezea joto lake mwenyewe kama binadamu, kwa hiyo lazima apewe nafasi ya kuchagua. Hashikwi kabla hajala kwa hiari yake angalau mara 2 au 3.

Hatua ya pili ni usafi. Mfugaji hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika ili kuondoa harufu ya chakula, na hunawa tena baadaye, kwa sababu reptilia wengi hubeba vijidudu vya Salmonella bila wao wenyewe kuugua. Watoto walio chini ya miaka 5 hawafai kuwashika kabisa.

Hatua ya tatu ni mwendo wa mkono. Mkono huingia kutoka ubavuni, polepole lakini bila kusitasita, na humwinua nyoka kwa kuukinga mwili wake katikati. Kichwa hakishikwi. Nyoka huachwa apite kutoka kiganja hiki hadi kile, naye mfugaji huwa kama tawi la mti.

Hatua ya nne ni kipimo cha muda. Dakika 5 zatosha mwanzoni, mara 1 kwa siku au kila baada ya siku 1, na muda huongezwa kidogo kidogo mpaka dakika 10 au 15. Kipindi humalizika nyoka akiwa ametulia, si mara baada ya kuuma. Akiuma na kung'ang'ania, havutwi kwa nguvu, kwani meno yake yamepinda kuelekea nyuma, na kuvuta huweza kuyavunja.

Hatua ya tano ni kujua siku za kuacha. Nyoka aliyekula hashikwi kwa saa 48 au zaidi, maana akisumbuliwa huweza kutapika. Nyoka mwenye macho yaliyofunikwa na utando huachwa mpaka ajivue gamba.

JE, NI MAZOEA AU NI UMRI?

Msomaji makini atauliza swali moja la haki. Nyoka wa mahindi hukua, na akishakuwa mkubwa maadui wake hupungua, na hofu yake pia. Basi mfugaji anayejisifu kwamba amemtuliza nyoka kwa miezi 6 amejuaje kwamba ni mkono wake uliofanya kazi hiyo, wala si umri?

Kwa kumtazama nyoka mmoja peke yake, hawezi kujua. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya uzoefu wa mfugaji na uthibitisho wa kisayansi. Jaribio la haki lingewachukua ndugu wa mayai ya mtago mmoja na kuwagawa kwa kura katika makundi mawili. Makundi yote mawili yangepewa chakula kile kile na joto lile lile, lakini kundi moja lingeshikwa kila siku na jingine lisishikwe. Baada ya majuma kadhaa mtu asiyejua nani alishikwa na nani hakushikwa angesogeza kidole chake mbele ya kila nyoka na kuhesabu mapigo.

Majaribio ya jinsi hii yalifanywa na Burghardt pamoja na Harold Herzog katika miaka ya 1980. Walitumia nyoka wachanga wa jenasi Thamnophis, ambao ni wembamba na wenye mistari, na huwasogezea kidole kilichotulia au kidole kinachotikiswa. Ilionekana kwamba kidole kinachosogea huchochea mapigo mengi zaidi. Kwamba mapigo hayo huweza kupungua siku hata siku kwa kurudiwa kwa kichocheo. Na kwamba aina moja ya nyoka hutofautiana na nyingine, hata watoto wa mama mmoja hutofautiana na wa mama mwingine. Kupungua kunakotokea ndani ya siku chache hakuwezi kuelezwa kwa umri. Kwa hiyo mazoea ni jambo la kweli, lakini hayana kipimo kimoja kwa nyoka wote.

MIPAKA YA MAZOEA

Sasa twaweza kujibu maswali yaliyoulizwa mwanzoni. Nyoka aliyezoea mkono hajaacha silika yake. Amejifunza jambo moja finyu, kwamba mkono huu, unaokuja kwa namna hii, hauna madhara. Akiguswa usingizini, au mkono ukinuka panya, au akishikwa na mgeni mwenye papara, silika huamka.

Tena, kumzoeza mnyama mmoja si sawa na kuubadili uzao wake. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kirusi Dmitri Belyaev alianzisha huko Siberia jaribio la kuzalisha mbweha, akiwachagua katika kila kizazi wale wenye hofu ndogo kwa binadamu. Baada ya vizazi kadhaa walipatikana mbweha waliomfuata mtu wakitikisa mikia kama mbwa. Pale kilichobadilishwa ni urithi. Lakini watoto wa nyoka aliyezoezwa huanguliwa na ukali ule ule aliokuwa nao mama yao, na kazi huanza upya.

La muhimu kuliko yote ni hili: mazoea hupunguza idadi ya mapigo, hayapunguzi nguvu ya sumu. Kwa nyoka wa mahindi, kosa moja huleta tone la damu. Kwa nyoka mwenye sumu kali, kosa moja huweza kuleta kifo. Robert Mertens, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa reptilia, aliumwa mwaka 1975 na nyoka wake wa kufugwa alipokuwa akimlisha. Nyoka huyo alikuwa wa jenasi Thelotornis, nyoka mwembamba wa mitini anayefanana na kijiti kikavu. Mertens alifariki baada ya siku 18. Hakuna dawa maalumu ya kuzuia sumu ya nyoka huyo, ambaye hupatikana pia katika misitu na vichaka vya Tanzania na Kenya.

Wala udogo wa nyoka si kinga. Mwezi wa Septemba 1957, Karl Schmidt, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Chicago, aliumwa kwenye kidole gumba na nyoka mchanga wa mitini wa Kiafrika (Dispholidus typus), ambaye urefu wake haukufika mita 1. Schmidt hakuona haja ya matibabu, akaendelea kuandika dalili zake katika daftari. Siku ya pili alikufa. Ikiwa mabingwa kama hao walifikwa na hayo, mwanafunzi hana sababu ya kujaribu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka. Aliyeumwa hapaswi kuchanjwa wala kunyonywa jeraha; apaswa kutulizwa na kupelekwa hospitali upesi.

Maelezo haya basi si mwaliko wa kuwakamata nyoka vichakani. Aina nyingi hufanana machoni pa asiyezijua, na sheria za wanyamapori, ile ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013, huhitaji kibali kwa anayetaka kumfuga mnyama wa porini.

JARIBIO LA DARASANI

Kanuni ya mazoea yaweza kuchunguzwa shuleni bila nyoka. Konokono wa nchi kavu apatikanaye shambani wakati wa mvua atosha. Mwanafunzi amweke juu ya ubao, angoje mpaka atoe pembe zake zote, kisha augonge ubao kwa penseli kwa nguvu isiyobadilika kila baada ya sekunde 10. Mwenzake aandike kama konokono amezirudisha pembe kabisa, nusu, au hakuzirudisha. Kwa kawaida, baada ya mapigo kadhaa mwitiko hudhoofika.

Hapo mwalimu atauliza: je, konokono amechoka tu? Ili kupata jibu, pembe iguswe taratibu kwa unyoya. Akiirudisha upesi, misuli yake haikuchoka. Ni mapigo ya ubao ndiyo aliyoyazoea. Jaribio lirudiwe kwa siku 4 mfululizo, na idadi ya mapigo yaliyohitajika kila siku ichorwe katika grafu. Konokono mwingine, ambaye hakugongewa ubao katika siku 3 za kwanza, ajaribiwe siku ya 4 kwa kulinganisha. Baada ya kazi, mikono ioshwe vizuri kwa maji na sabuni, kwa kuwa konokono huweza kubeba minyoo yenye madhara kwa binadamu.

Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo kwa uangalifu atakuwa ameyaelewa mambo mawili kwa pamoja: jinsi hofu inavyoweza kupungua katika kiumbe kisicho na maneno, na kwa nini kupungua kwa hofu si ahadi ya usalama. Nyoka wa nyumbani anayejikunja pembeni mwa ghala hataki ugomvi. Ataka nafasi ya kupita. Kumpa nafasi hiyo, kwa kukaa mbali naye na kumwita mtu anayewajua nyoka, ni matumizi mema ya elimu hii kwa wakazi wa Afrika ya Mashariki.